Tunauza Uzima, Tunanunua Ugonjwa



Angalieni njia ya sokoni siku ya soko, huku kwetu Kivu. Asubuhi watu wanashuka vilimani. Wamebeba mayai, kuku, maharagi, avoka, ndizi mbivu, maziwa katika vibuyu. Jioni wanapanda tena. Wamebeba nini? Mkate mweupe, sukari, biskuti, vinywaji vya rangi katika chupa, vidonge vya chumvi vya kuungia mboga. Yai limekwenda mjini, biskuti imepanda mlimani. Mtoto aliyemchunga kuku hakulionja yai lake.

Twajua sababu, wala hatuwacheki watu hawa. Daftari za shule zataka pesa, dawa zataka pesa, sabuni na chumvi zataka pesa. Lakini si kila franka ya soko inayokwenda kununua daftari na dawa. Nyingine zinanunua heshima. Na heshima hiyo ya chupa na ya kopo ndiyo tunayotaka kuigombeza leo. Maana mtu anayeuza yai ili anunue biskuti ameuza uzima na kununua ugonjwa. Tena amelipa bei juu yake.

Hesabu zenyewe zatisha. Uchunguzi mkubwa uliofanyika katika nchi yetu mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba katika watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 43 walikuwa wafupi kupita inavyofaa kwa umri wao. Ufupi huo si wa ukoo. Ni alama ya chakula kibaya na ya magonjwa yasiyokwisha, na akili ya mtoto vilevile inapata hasara. Mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 25 wa Kongo walihesabiwa kuwa na njaa kali. Na nchi hii ni nchi ya mvua, ya mito, ya maziwa, ya udongo mweusi! Vita na unyang'anyi vina sehemu kubwa katika njaa hiyo, na aliyefukuzwa shambani mwake hatuna neno la kumgombeza. Tunasema na wale wangali na shamba, au wangali na pesa ya kwenda sokoni.

AIBU HII ILITOKA WAPI?

Kwa nini mtu aone haya kumpa mgeni sombe na maharagi, akakopa pesa kumnunulia mkate na kinywaji cha chupa? Haya hiyo haikuzaliwa nasi. Ina historia.

Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri: kila mwanakijiji alime mazao yaliyotakiwa na wakubwa, mpaka siku 60 kwa mwaka. Asiyelima alilipa faini au alifungwa. Hivyo jembe, lililokuwa fahari ya mzee na mama, likawa alama ya utumwa. Walioingia ofisini waliliepuka, wakala mkate. Wana wao wakaiga. Hata shuleni, mpaka leo, mtoto akikosa, mara nyingi adhabu yake ni nini? Kwenda kulima. Tunamfundisha kwa matendo kwamba udongo ni kifungo, kisha tunashangaa akikimbilia mjini kuuza kadi za simu.

Wakoloni walikwenda mwaka 1960. Amri ile ilikwisha. Aibu yake ndiyo tuliyoiweka sisi wenyewe, na kuipikia kila siku.

CHA KWETU NI KIPI?

Hapa wengine watacheka: «Mnasema chakula cha kwetu. Je, muhogo ni wa kwetu? Na mahindi?» Wanasema kweli. Muhogo, mahindi, maharagi, viazi vitamu, karanga, vyote vilitoka Amerika, vikaletwa na meli za Wareno, vikaenea toka pwani mpaka kwetu. Hata sambaza wa ziwa Kivu hawakuwa humo zamani. Walitolewa katika ziwa Tanganyika, wakatiwa ziwani Kivu karibu na mwaka 1959. Leo wanalisha miji mizima.

Basi hatugombani na kitu kwa sababu kilitoka mbali. Cha kwetu ni kile ambacho udongo wetu unakiotesha, maji yetu yanakilea, mikono yetu inakijua kukilima na kukipika, na pesa yake inabaki mikononi mwa jirani. Muhogo umekubali udongo wetu, ni wa kwetu. Biskuti haitaota hapa hata ukiipanda kwa mvua ya Novemba.

CHUNGU NA DUKA

Sasa tulinganishe, kitu kwa kitu.

Tazameni mawese. Rangi yake nyekundu si uchafu. Ndimo ilimo nguvu ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ile inayolinda macho ya watoto na kuwasaidia kushindana na magonjwa. Mtoto aliyeikosa haoni vizuri magharibi. Lakini wengi wetu tunachoma mawese mpaka yawe meupe, ati yafanane na mafuta ya duka, na hapo tumeunguza kile kilichokuwa bora. Kongo ilikuwa zamani moja ya nchi za kwanza duniani katika kuuza mawese. Leo tunanunua mafuta ya ng'ambo. Mchikichi umesimama nyuma ya nyumba, nasi tumesimama mbele ya duka na chupa tupu mkononi! Hatusemi watu wanywe mawese kama maji. Mafuta yoyote yakizidi yanadhuru. Twasema kijiko cha mawese mekundu katika mboga ya mtoto ni kitu chema.

Tazameni sombe, lengalenga na matembele. Majani haya yana vitamini na madini, na sombe hasa inajenga mwili. Wengine wanayaita mboga ya maskini. Lakini tajiri naye damu yake yataka kitu kile kile.

Tazameni sambaza na ndakala. Mtu anamla samaki huyu mzima, na mifupa yake. Kwa hiyo anapata nyama na chokaa ya kujengea mifupa yake mwenyewe. Tena sambaza chache zilizotwangwa zikatiwa katika uji wa mtoto zinamfaa kupita biskuti za kopo zima.

Tazameni maharagi pamoja na bugali wa mahindi, au uji wa masoso, maana yake mahindi, soya na mtama. Kinachopunguka katika nafaka, maharagi na soya zinakileta. Wazee wetu hawakusoma kemia, lakini waliviweka viwili hivyo katika sahani moja.

Sasa upande wa duka. Chupa moja ndogo ya kinywaji cha sukari, ya sentilita 33, ina sukari gramu 35 hivi. Shirika la Afya la Ulimwengu linashauri mtu mzima asipite gramu 50 za sukari ya namna hiyo kwa siku nzima, na afadhali asipite 25. Chupa moja tu, na ile 25 umekwisha kuipita! Na tunampa nani chupa hiyo? Mtoto wa miaka mitatu, siku ya ubatizo wa mdogo wake, ili picha ipendeze.

Vidonge vya kuungia mboga, zaidi ya nusu yake ni chumvi. Shirika lile lile lasema mtu asile chumvi kupita gramu 5 kwa siku. Mama anatia chumvi, kisha anatia vidonge viwili, kisha anashangaa kuambiwa kwamba ana presha. Zamani ugonjwa wa sukari na presha tulidhani ni magonjwa ya wakubwa wenye matumbo. Leo yanawakuta waalimu, wauza soko, hata mapadri.

Na ule weupe tunaoupenda, wa mchele na wa unga? Sikilizeni habari ya kweli. Katika miaka ya 1890, mganga Mholanzi Eijkman alikuwa katika kisiwa cha Java. Aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliosuguliwa wakilegea miguu na kuugua. Walipopewa mchele wenye ngozi yake, wakapona. Kazi hiyo ilisaidia kugundua vitamini, naye akapata tuzo la Nobel mwaka 1929. Basi kuku za Java zilikwisha kutufundisha, nasi tungali tunatupa pumba nzuri kwa nguruwe na kubaki na weupe.

Juu ya maziwa ya kopo kwa mtoto mchanga hatuna haja ya maneno mengi. Maziwa ya mama peke yake yanamtosha mtoto miezi 6 ya kwanza, hata maji hayahitaji. Mwaka 1981 mataifa yalikubaliana juu ya kanuni za kuwazuia wachuuzi wasiwadanganye mama kwa matangazo ya maziwa ya unga. Mama mwenye ugonjwa afuate shauri la mganga. Lakini mama mzima anayemnyima mtoto ziwa ili aonekane mwenye cheo, amemnyima urithi wake wa kwanza.

UDONGO NAO HULA

Kuna watu wanaosema: «Kwetu hakuna shida ya madawa, sisi hatuna pesa ya mbolea ya viwanda.» Ni kweli kwamba wakulima wetu wengi wanaitumia kidogo sana. Lakini wasijisifu upesi. Shamba lisilopewa mbolea ya kiwanda, wala samadi, wala majani yaliyooza, si shamba safi. Ni shamba lenye njaa. Tunavuna miaka kumi pasipo kurudisha kitu, kisha twasema mchawi amelipiga. Mchawi ni sisi. Tuliyachoma majani, tukaiacha mvua ichukue udongo mpaka ziwani.

Mbolea ya kiwanda si sumu ikitumiwa kwa kipimo, lakini ni ghali, na peke yake haiwezi kurudisha majani yaliyooza ambayo udongo unayataka. Samadi ya mbuzi na ya sungura, majivu, maganda ya ndizi, majani ya alizeti pori yanayoota kando ya kila njia, hivyo vyote ni mbolea ya bure. Vinataka shimo, na vinataka mtu asiye mvivu.

Hatari kubwa ni dawa ya wadudu. Twaona vijana wanaolima tomati na kabeji wakinunua dawa katika chupa isiyo na karatasi, au yenye maandishi wasiyoyajua kusoma. Wanapiga dawa bila kufunika pua, na siku ya pili wanavuna na kupeleka sokoni. Kisha chupa ile ile inaoshwa na kutiwa mafuta ya kula. Ndugu, hiyo si kazi ya kilimo. Anayeuza tomati yenye dawa mbichi anajua moyoni mwake kwamba watoto wake hawataila. Basi wa jirani wamekosa nini?

WANAOTUPINGA

Wa kwanza husema: «Chakula cha kwetu nacho kinaua.» Hatukatai. Katika Kwango, mwaka 1938, mganga Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu miwili kwa mara moja, na miguu hairudi. Unatoka katika muhogo mchungu usiolowekwa ipasavyo, kwa watu wasio na chakula kingine cha kujenga mwili. Na ni nini kilichouongeza baadaye? Barabara ya lami kwenda Kinshasa ilipofunguka, wachuuzi walitaka muhogo upesi, na watu wakafupisha siku za kuloweka, toka tatu mpaka moja. Kumbe si desturi ya wazee iliyoua, ila haraka ya pesa! Vivyo hivyo mahindi na karanga zilizoanikwa vibaya zinaota ukungu wenye sumu inayoharibu ini. Basi muhogo mchungu ulowekwe siku tatu nzima au zaidi, kisha uanikwe vizuri. Sombe itwangwe na kuchemshwa sana. Karanga yenye ukungu itupwe, asipewe hata kuku. Chakula cha kwetu kinataka ujuzi wa kwetu. Asiye nao asikilaumu chakula.

Wa pili husema: «Cha kwetu ni ghali. Kuku ya barafu iliyotoka Brazili au Ulaya ni rahisi kupita kuku ya kijiji.» Neno hili ni zito, na wenye kulisema si wapumbavu. Inakuwaje kuku iliyovuka bahari iwe rahisi kupita kuku ya Walungu au ya Masisi? Jibu moja liko njiani. Mwaka 2017 wachunguzi wa IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi vya barabara 798 katika Kivu mbili peke yake. Kwenye vizuizi hivyo, askari, waasi na watu wa serikali walidai chao. Gunia la maharagi linalolipa kwenye kila kamba, litafikaje mjini likiwa rahisi? Na tangu Goma ilipotekwa mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, mateso ya wakulima hayakupungua. Hapo hatumlaumu mama wa mjini anayehesabu franka zake. Tunawalaumu wenye bunduki na wenye vyeo wanaokula jasho la mkulima kabla mtoto hajala maharagi. Kila kamba iliyofungwa njiani imefungwa shingoni mwa mtoto fulani.

Lakini hata hivyo, kuku si chakula cha kila siku. Pesa ya chupa tatu za kinywaji mara nyingi inatosha kununua maharagi ya kulisha nyumba. Ughali si sababu ya kila kitu.

Wa tatu husema: «Mnataka turudi nyuma.» Hasha! Huko Ulaya wanakotazama, watu wenye pesa wanalipa zaidi ili wapate mboga zisizopigwa dawa na mkate wa unga mzima. Wao wanarudi kwa gharama kubwa mahali ambapo sisi tungali tumesimama. Je, tungoje mpaka tutoke, kisha tununue njia ya kurudia?

Wa nne hawasemi kitu, maana wanakubali. Ni wababa. «Ndiyo, tule cha kwetu!» Nao wameketi. Nani atatwanga sombe? Nani atachota maji ya kulowekea muhogo, na kuleta kuni za kuchemshia maharagi saa tatu? Mama, ambaye tangu alfajiri alikuwa shambani na mtoto mgongoni. Basi tuwaambie wazi, wababa: vidonge vya chumvi na mkate wa duka vimeingia jikoni kwa sababu vinaokoa saa za mama aliyechoka. Mwanamume anayetaka chakula cha babu zake ashike mchi, abebe kuni, au alipe mashini ya kusaga. Na pesa ya maharagi asiipitishe kwanza kwenye pombe. Asiyefanya hivyo hakupenda chakula cha kwetu. Amependa tu kutumikiwa.

BASI TUFANYE NINI?

Hatuombi mambo makubwa. Twaomba matano.

La kwanza: yai la kwanza la juma lisiende sokoni. Liende katika mdomo wa mtoto mdogo. Mengine uza.

La pili: kila nyumba iwe na bustani ndogo ya lengalenga, vitunguu na matembele, na shimo la mbolea kando yake. Aliye mjini apande katika ndoo iliyotoboka au gunia kuukuu.

La tatu: katika karamu za ubatizo, za Komunyo ya kwanza na za ndoa, tuache kushindana kwa makreti ya chupa. Maji safi, maji ya matunda yetu, maharagi, ndizi, sambaza. Wakubwa wa parokia waanze wao, maana watu wanatazama meza ya wakubwa kupita wanavyosikiliza maneno yao.

La nne: waalimu waondoe jembe katika orodha ya adhabu. Shamba la shule liwe somo, na mavuno yake yaliwe na watoto waliolima, si kupelekwa nyumbani kwa mkubwa wa shule.

La tano: wakulima wa mtaa mmoja waungane kuweka maharagi katika ghala moja, wasiuze yote siku ya mavuno kwa bei ya kutupa, wakayanunua tena miezi mitatu baadaye kwa bei maradufu. Na mkiwa wengi, semeni kwa sauti moja juu ya vizuizi vya njiani. Mtu mmoja mwenye gunia anatozwa. Watu mia wenye magunia wanasikilizwa.

Hakuna waziri wala mfadhili atakayekuja kuweka yai katika sahani ya mtoto wako. Udongo upo, mvua ipo, mbegu ipo. Leo jioni, kabla ya kumtuma mtoto dukani, chungulieni kwanza nyuma ya nyumba yenu.